Entebbe 1976, Mogadishu 1977, Tabas 1980: uanze kusoma ipi?

Ukikaa kwenye baraza za Mji Mkongwe, pale Jaws Corner au hata kwenye vibaraza vya Michenzani, habari ya makomando ikizuka haichelewi kufika Entebbe, pale Waisraeli walipookoa mateka wao nchini Uganda mwaka 1976. Ni haki yake. Ilitokea Afrika Mashariki, ndege zilirudi kwa kupitia Nairobi, na wazee wengi wanaikumbuka kutoka redioni. Lakini vijana wanaojitayarisha kuomba nafasi KMKM (kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) au JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), na wanafunzi wa historia na siasa, mara nyingi huichukua Entebbe peke yake kama darasa zima la kazi hii, na hutoka na somo moja tu: ujasiri. Naliona somo hilo ni pungufu, na kwa kijana anayetaka kuvaa sare linaweza kumponza.

Kwa hiyo nimeziweka operesheni kadhaa ubavu kwa ubavu, nyingi za upande wetu wa bahari, kwa ajili ya mtu mwenye nafasi ya kusoma moja au mbili kwa kina. Jibu langu nalitoa mapema ili usome ukijua ninakoelekea: anza na Mogadishu ya 1977, Wajerumani walipookoa abiria wa ndege huko Somalia, kisha Tabas ya 1980, Wamarekani waliposhindwa kuokoa mateka wao Iran. Entebbe iwe ya tatu. Nitaeleza kwa nini, na wapi unaweza kuchagua tofauti na mimi ukawa na hoja.

Tunapima kwa kitu gani

Ukipima kwa matokeo tu hutajifunza mengi, kwa sababu bahati nayo huleta matokeo. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha William McRaven, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, ambaye katika tasnifu yake ya 1993 alichambua mashambulizi manane ya vikosi vidogo, sita yakiwa ya Vita vya Pili vya Dunia na moja likiwa hiyo hiyo Entebbe. Swali lake: watu wachache wanawezaje kuwashinda wengi waliojikinga nyuma ya ukuta, ilhali kanuni za vita zinampa faida anayelinda? Jibu lake ni kwamba kikosi kidogo hakihitaji kuwa na nguvu kuliko adui katika vita vizima. Kinahitaji kumzidi mahali pamoja, kwa muda mfupi, na kazi iishe kabla muda huo haujapita. Akataja mambo sita yanayoufungua muda huo: mpango mwepesi, siri, mazoezi ya kurudiwarudiwa, kushtukiza, kasi, na kila askari kujua hasa anachokifuata pale.

Nahodha anayeingiza chombo kwenye mlango wa mwamba maji yakiwa yamejaa analielewa jambo hili kuliko wengi wetu. Hashindani na mwamba. Anaijua saa ambayo mwamba umefunikwa, anajiweka tayari nje, anapita, na akichelewa chombo kinapasuka hata awe hodari vipi.

Juu ya hayo sita mimi naongeza swali moja: mwenye nchi alikuwa upande gani? Operesheni nyingi za aina hii hufanyika katika ardhi ya mtu mwengine, na ukiliuliza swali hilo, orodha ya nani bingwa hubadilika.

Entebbe na Mogadishu

Hizi mbili zinafanana mno, ndiyo maana zinafaa kuwekwa pamoja. Zote ni ndege ya abiria iliyotekwa na watu wanne, ikazungushwa nchi kadhaa, ikaishia Afrika Mashariki. Zote zilimalizwa usiku, na kikosi kilichotoka mbali. Zimepishana miezi kumi na tano tu.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv na kupitia Athens ilitekwa na Wapalestina wawili na Wajerumani wawili, ikatia mafuta Benghazi, ikatua Entebbe siku ya pili yake. Idi Amin akawapokea watekaji. Abiria wengi wasio Waisraeli waliachiwa kwa makundi mawili, wakabaki mateka zaidi ya mia moja pamoja na rubani Michel Bacos na wenzake, waliokataa kuwaacha abiria wao. Usiku wa kuamkia Julai 4 zilitua ndege nne za kijeshi za Israeli aina ya C-130, zikiwa zimeruka kadiri ya kilomita 4,000. Kadiri ya saa moja na nusu baadaye zilikuwa angani tena na mateka 102. Mateka watatu walikufa katika mapambano. Dora Bloch, bibi wa zaidi ya miaka sabini aliyekuwa amepelekwa Hospitali ya Mulago, aliuawa baadaye kwa kisasi. Kamanda wa kikosi kilichovamia jengo, Yonatan Netanyahu, naye aliuawa, na kwa upande wa Uganda walikufa askari wapatao 45.

Tazama kilichoibeba kazi hiyo. Jengo la abiria lililowekwa mateka lilijengwa na kampuni ya Kiisraeli, kwa hiyo michoro yake ilipatikana. Mateka walioachiwa walihojiwa Paris, wakaeleza watekaji wanakaa wapi, wana silaha gani, na askari wa Uganda wamesimama upande upi. Amin alikuwa na safari ya Mauritius kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na muda wa mwisho uliowekwa na watekaji ukasogezwa kutoka Julai 1 hadi Julai 4. Siku hizo tatu ndizo zilizotosha kujenga mfano wa jengo na kufanya mazoezi. Kisha Kenya iliruhusu ndege kutia mafuta Nairobi wakati wa kurudi. Ondoa lolote kati ya hayo, na ujasiri unabaki bila pa kwenda.

Halafu kuna ile Mercedes nyeusi. Wavamizi walishuka nayo ili walinzi wadhani ni msafara wa Amin. Lakini Amin siku hizo alikuwa akitumia gari jeupe, na walinzi wawili wakawasimamisha. Wakapigwa kwa bastola za kuzuia sauti, haikutosha, ikafyatuliwa bunduki ya kawaida na ukimya ukavunjika, jengo likiwa bado mbele yao. Hapo kushtukiza kulikaribia kupotea kabisa. Kilichowaokoa ni kwamba kila kundi lilijua mlango wake kutokana na mazoezi, na lilikimbia moja kwa moja bila kungoja amri mpya. Wanaosifu hila ya Mercedes wanasifu sehemu ya mpango ambayo ndiyo iliyokwenda kombo.

Sasa Mogadishu. Tarehe 13 Oktoba 1977 ndege ya Lufthansa iliyoitwa Landshut ilitekwa ikitoka Palma de Mallorca kwenda Frankfurt. Ikapita Roma, Larnaca, Bahrain, Dubai na Aden. Huko Aden watekaji walimuua rubani Jürgen Schumann, na msaidizi wake akalazimishwa kuirusha ndege hadi Mogadishu. Kiasi cha saa nane za usiku wa kuamkia Oktoba 18, kikosi cha Kijerumani cha GSG 9 chini ya Ulrich Wegener kiliiendea ndege kutoka nyuma, pasipoonekana kutoka madirishani, kikaweka ngazi na kufungua milango yote karibu kwa wakati mmoja. Watekaji watatu waliuawa, wa nne akajeruhiwa. Abiria wote 86 waliokuwemo walitoka hai pamoja na wafanyakazi wanne wa ndege. Ilichukua dakika kama saba.

GSG 9 hawakuwa jeshi. Walikuwa polisi wa mpakani, na kikosi chenyewe kilizaliwa kutokana na aibu ya Munich. Septemba 1972 watekaji wanane wa Kipalestina waliwashika wanamichezo wa Israeli kwenye Olimpiki. Polisi wa Kijerumani wakaweka wadunguaji watano tu uwanja wa ndege, hawakuwa hata na redio za kuwasiliana, na hawakujua idadi kamili ya waliokuwa wakiwakabili. Wanamichezo kumi na mmoja walikufa katika tukio lile. Mara baada ya hapo Wegener akapewa kazi ya kuunda kikosi, na kwa miaka mitano kikafanya mazoezi ya jambo ambalo hakikuwahi kuitwa kulifanya kweli: kuingia mahali pembamba, gizani, penye watu wasio na hatia.

Lakini kinachonifanya niiweke Mogadishu mbele ni upande wa mwenyeji. Serikali ya Ujerumani Magharibi haikuvizia. Ilimtuma waziri Hans-Jürgen Wischnewski kuzungumza na Siad Barre, rais wa Somalia, uso kwa uso. Barre alikuwa vitani na Ethiopia kwa ajili ya Ogaden, uhusiano wake na Wasovieti unavunjika, na alihitaji marafiki wapya. Akakubali. Matokeo yake yanaonekana katika kila dakika ya usiku ule. Ndege iliyobeba makomando ilitua bila kupigwa. Mnara wa uwanja uliwaambia watekaji kwamba wenzao waliofungwa Ujerumani wameachiwa na wako njiani, wakaongeza muda. Askari wa Kisomali waliwasha moto mbele ya ndege, watekaji wakaenda chumba cha rubani kuangalia, na mkia ukabaki bila mtu. Waingereza wawili wa SAS, kikosi maalum cha jeshi lao, walikuja na mabomu ya mwanga na kishindo. Wajerumani hawakufanya yote peke yao, na hawakuona haya kusaidiwa.

Linganisha gharama pia. Baada ya Entebbe, Amin aliwamalizia hasira Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, na waliuawa kwa mamia. Hao hawamo kwenye hesabu za wanaosimulia ushindi wa dakika chache, na mimi siwezi kuisoma Entebbe bila kuwahesabu. Mogadishu nayo haikumaliza kila kitu: usiku ule ule viongozi wa kundi la wafungwa ambao watekaji walitaka waachiwe walikutwa wamekufa au mahututi katika gereza la Stammheim, na mfanyabiashara Hanns Martin Schleyer, aliyekuwa ametekwa Ujerumani, akauawa. Hata hivyo hakuna raia wa Kisomali wala jirani yeyote aliyelipa kwa ajili ya abiria 86.

Kwa nchi kama yetu tofauti hii ni kubwa. Hatuna ndege za kuruka kilomita 4,000 na kurudi. Tunachoweza kuwa nacho ni kikosi kidogo kilichofunzwa jambo moja kwa miaka, na serikali inayojua kuzungumza na jirani. Mogadishu inaweza kuigwa. Entebbe, kwa sehemu kubwa, inaweza kusimuliwa tu.

Tabas

Kama Mogadishu inaonesha mambo yakipangika, Tabas inaonesha yakipanguka, na kwa undani kiasi kwamba hutahitaji mfano mwengine wa kushindwa.

Novemba 1979 ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulivamiwa. Aprili 1980 Rais Jimmy Carter akaidhinisha jaribio la kuwaokoa mateka zaidi ya hamsini. Mpango ulikuwa hivi: helikopta nane zinaondoka kwenye meli ya Nimitz, ndege za C-130 zinaondoka kisiwani Masirah, Oman. Zinakutana usiku jangwani karibu na Tabas. Helikopta zinatiwa mafuta, zinachukua makomando, zinawapeleka maficho karibu na Tehran, wanajificha mchana kutwa. Usiku wa pili wanaingia mjini kwa malori, wanavamia ubalozi, wanavuka na mateka hadi uwanja wa mpira, helikopta zinawachukua kwenda uwanja wa ndege mwengine ambao kikosi cha tatu kimeshauteka. Soma tena uhesabu ni mara ngapi watu hawa wanapaswa kukutana mahali fulani saa fulani.

Helikopta sita ndizo zilizohesabiwa kuwa za lazima. Moja ilitua njiani kwa hitilafu ya panga. Moja iligeuza katika wingu la vumbi. Ya tatu ilifika ikiwa na hitilafu ya haidroliki. Zikabaki tano, na kamanda wa makomando, Charles Beckwith, akakataa kuendelea. Washington ikakubali. Wakati wa kuondoka helikopta moja iligonga C-130 iliyobeba mafuta, zikalipuka, wakafa watu wanane. Mateka wakaja kuachiwa Januari 20, 1981, baada ya siku 444, kwa mazungumzo.

Watu huisema Tabas kama habari ya vumbi na vipuri. Sikubaliani. Vumbi lile lilijulikana na watabiri wa hali ya hewa, lakini marubani hawakuelezwa, kwa sababu siri ilikuwa imefungwa hadi waliohitaji kujua hawakujua. Helikopta zilikuwa za jeshi la majini, zilizotengenezwa kwa kazi ya kutegua mabomu ya baharini, zikirushwa zaidi na marubani wa kikosi cha Marines. Makomando walikuwa wa jeshi la nchi kavu. C-130 za jeshi la anga. Makundi haya yalifanya mazoezi kila moja mahali pake, na mpango mzima haukuwahi kurudiwa mwanzo hadi mwisho wakiwa wote pamoja. Mara ya kwanza walipokutana wote, gizani, injini zinanguruma na mchanga umetanda, ndiyo ilikuwa mara ya kweli.

Uamuzi wa Beckwith wa kusimamisha, kwa maoni yangu, ndio uliokuwa sahihi kuliko yote usiku ule. Helikopta tano zisingetosha kuwatoa mateka, na angeingia Tehran angewaua wengi zaidi. Ujue kwamba kusema "basi" ni sehemu ya kazi hii, na huandikwa kwenye mpango kabla ya safari, mtu akiwa na akili iliyotulia.

Faida nyengine ya kuisoma Tabas ni kuona Wamarekani walivyoitumia. Waliunda kikosi cha marubani wa helikopta wa usiku, wakaunda kamandi ya kuunganisha matawi, na mwaka 1987 ikaja kamandi moja ya vikosi maalum vyote. Miaka thelathini na moja baada ya Tabas, Mei 2011, helikopta moja ilianguka ndani ya ua wa nyumba ya Osama bin Laden huko Abbottabad, Pakistan, Wamarekani walipokwenda kumvamia. Mfano wa nyumba hiyo waliofanyia mazoezi ulikuwa umezungushiwa wavu wa waya badala ya ukuta mzima, hivyo hawakuhisi jinsi upepo wa panga utakavyorudi. Lakini safari hii akiba ilikuwepo, na kazi iliendelea hadi mwisho. Aliyesimamia ni McRaven yule yule.

Mogadishu tena, 1993

Kama una nafasi ya kusoma ya nne, chukua hii, kwa sababu ni mji ule ule na matokeo kinyume.

Oktoba 3, 1993, mchana, kikosi cha Wamarekani wapatao 160 kilishuka karibu na soko la Bakara kuwakamata wasaidizi wa mbabe wa vita Mohamed Farah Aidid. Waliowataka waliwakamata. Kazi iliyotarajiwa kuchukua kadiri ya saa moja ikaendelea hadi asubuhi ya pili, helikopta mbili za Black Hawk zikaangushwa kwa makombora ya RPG ya kubeba begani, wakafa Wamarekani 18, na Wasomali kwa mamia, miongoni mwao wanawake na watoto waliokuwa majumbani mwao.

Askari wale walikuwa na mafunzo mazuri kuliko karibu kila mtu niliyemtaja hapa. Walichokosa ni kushtukiza. Walikuwa wameshafanya uvamizi wa namna ile ile mara kadhaa, helikopta zile zile, mtindo ule ule, na wapiganaji wa Aidid walikuwa wameusoma. Walikwenda mchana. Waliomba magari ya deraya na ndege ya mizinga, hawakupewa. Na mwenyeji, safari hii, alikuwa mtaa mzima uliowakasirikia. Mwaka 1977 Msomali aliwawashia moto wa kumvuta mtekaji. Mwaka 1993 Msomali aliwasha matairi kuwaita wenzake.

Baraawe, Tripoli na Bulo Marer

Baraawe, kwenye pwani ya Somalia, ni mji wa watu wetu. Kichimwini chao ni tawi la lugha hii hii, na ndiyo maana habari zake zinatugusa. Septemba 14, 2009, karibu na mji huo, helikopta za Marekani zilishambulia gari la Saleh Ali Saleh Nabhan, mzaliwa wa Kenya aliyehusishwa na shambulio la Kikambala la 2002. Mchana, barabarani, mbali na nyumba za watu, kwa dakika chache. Aliuawa na mwili wake ukachukuliwa.

Oktoba 5, 2013, makomando wa majini walirudi Baraawe kwa boti kabla ya alfajiri, kwenye nyumba ya ghorofa mbili kando ya bahari, kumkamata mtu aliyeitwa Ikrima. Walionekana mapema, risasi zikaanza, ndani ya nyumba mlikuwa na wanawake na watoto, na wakaamua kurudi majini bila mtu wao na bila kupoteza askari. Siku hiyo hiyo, mjini Tripoli, makomando wengine wa Marekani walimkamata Abu Anas al-Libi nje ya nyumba yake akirudi kusali Alfajiri. Yeye alikuwa akitafutwa kwa mashambulizi ya Agosti 7, 1998 ya Nairobi na Dar es Salaam.

Wote walitumwa na nchi moja, siku moja, kwa mafunzo ya aina moja. Tripoli walimsubiri mtu atoke, akiwa peke yake ndani ya gari. Baraawe walikwenda kumtoa ndani, kwenye ngome ya wenzake. Mimi siihesabu Baraawe kuwa aibu. Kiongozi aliyeona watoto na akaamua kuondoka alifanya kazi yake, na angeendelea tungekuwa tunazika watu wa Baraawe. Lakini kwa anayejifunza, tofauti ya kuchagua mahali pa kukutana na mtu ni kubwa kuliko tofauti ya silaha.

Bulo Marer, nayo ya Somalia, naitaja kwa ufupi. Usiku wa kuamkia Januari 12, 2013, sisi tukijitayarisha kwa sherehe za Mapinduzi, Wafaransa walijaribu kumuokoa ofisa wao wa ujasusi aliyeshikwa na al-Shabaab tangu 2009. Walishushwa kilomita kadhaa nje ya mji na kutembea kwa miguu ili wasisikike. Wakagunduliwa kabla hawajafika kwa mateka. Mateka aliuawa, makomando wawili walikufa, na raia wa njiani pia. Umbali ule uliokusudiwa kuficha sauti ya helikopta uliongeza dakika na macho ya kuwaona.

Karibu zaidi na nyumbani

Wengine huniuliza kwa nini siiweki hapa Januari 12, 1964 yetu wenyewe. Ni kweli kwamba ghala za silaha za polisi, Ziwani na Mtoni, ndizo zilizoamua usiku ule, na kwamba watu wenye silaha duni walizichukua kwa kushtukiza. Lakini yale yalikuwa mapinduzi, yenye mizizi na machungu ambayo hayaingii katika kipimo cha dakika na mazoezi. Kuyaweka safu moja na GSG 9 ni kuyapunguza.

Linaloingia ni lile la wiki mbili baadaye, ng'ambo ya pili. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Mwalimu Nyerere akaomba msaada, na asubuhi ya Januari 25 makomando wa majini wa Uingereza walishuka kwa helikopta kutoka meli ya Centaur. Manowari nyengine ikapiga mizinga ya kishindo upande mwengine kuwababaisha waasi. Brigedia aliyekuwa akiliongoza jeshi hilo kabla ya maasi alikwenda nao, akijua kila njia. Ilimalizika upesi na waliokufa walikuwa wachache mno. Kila kilichoipa ushindi Mogadishu 1977 kiliwahi kuonekana hapo: ruhusa ya mwenyeji, mtu anayeijua nyumba, macho ya adui yakivutwa pengine.

Kinyume chake tazama Nzwani, yaani Anjouan, huko Comoro. Machi 25, 2008 wanajeshi zaidi ya elfu moja wa Umoja wa Afrika na wa Comoro, Watanzania wakiwa wengi miongoni mwao, waliteremka kisiwani Anjouan kumuondoa Kanali Mohamed Bacar. Kisiwa kilichukuliwa kwa siku moja. Bacar mwenyewe akakimbilia Mayotte kwa boti. Jeshi kubwa linakamata kisiwa. Mtu mmoja hulipenya. Lililotakiwa zaidi siku ile lilikuwa kisiwa, kwa hiyo ulikuwa uchaguzi sahihi, lakini usilitumie kama mfano wa kazi ya makomando.

Basi uchague vipi

Kama unaelekea KMKM au kikosi chochote cha baharini, soma Tabas kwa kalamu mkononi, halafu Baraawe ya 2013. Zote mbili zinahusu kufika kutoka majini au angani, hali ya hewa, na kujua lini urudi. Ukiwa mwanafunzi wa siasa au uhusiano wa kimataifa, Mogadishu 1977 na Entebbe pamoja zinakutosha kwa insha nzima, mradi usiwasahau Wakenya wa Uganda na usimsahau Wischnewski. Mtu wa historia ya Tanzania aanze na Colito.

Na ukitaka kusoma moja tu, chukua Mogadishu 1977 na uifanyie zoezi hili. Andika saa zake zote, kutoka Palma hadi Mogadishu. Kisha futa kitu kimoja kimoja: futa ruhusa ya Siad Barre, ujiulize ndege ya makomando ingetua wapi. Irudishe, ufute moto ule wa mbele ya ndege, uone watekaji wangekuwa wamekaa upande gani wakati ngazi zinasimamishwa. Urudishe, ufute miaka mitano ya mazoezi, uone milango ingefunguliwa kwa zamu au kwa pamoja, na katika zamu hiyo mabomu ya mkononi ya watekaji yangekuwa kwa nani. Ukimaliza, ifanyie Entebbe zoezi hilo hilo, ukianzia na siku tatu za Mauritius.